Probiotiki za Kupaka Ngozini: Kilichomo Koponi na Kilichoandikwa Juu Yake

Utangulizi

Katika maduka ya vipodozi ya hapa Bukavu, kuanzia Nyawera mpaka Kadutu, kopo la mafuta ya kujipaka liliahidi ngozi laini, ngozi nyororo au ngozi inayong'aa. Siku hizi ahadi nyingine imeongezeka: kwenye baadhi ya krema zinazotoka ng'ambo tunasoma kwa Kifaransa kwamba ndani mna probiotiki, au kwamba krema hiyo inalinda bakteria wazuri wa ngozi. Ukimwuliza muuzaji maana yake nini, huenda akakujibu kwamba ni vitamini mpya. Mnunuzi hulipa, huenda nyumbani, hupaka.

Makala haya yanajibu maswali matatu. Probiotiki ni nini, na kwa nini mtu apake bakteria kwenye ngozi yake? Je, makopo yanayouzwa kwa jina hilo yana bakteria hai kweli? Na utafiti umeonyesha nini mpaka sasa? Msomaji anaweza kushangaa kuona suala la ngozi katika jarida la kitivo cha lugha. Lakini sehemu kubwa ya suala hili ni neno. Wataalamu wamelipa neno "probiotiki" maana yenye mipaka, na soko linalitumia kwa vitu vinne tofauti. Anayelipia mkanganyiko huo ni mwenye ngozi, mara kwa pesa yake, mara kwa ngozi yenyewe.

Neno na maana yake

Sote tunalijua neno "antibiotiki", yaani dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaane. "Probiotiki" ni ndugu yake: "pro" ni Kilatini, maana yake "kwa ajili ya", na "bios" ni Kigiriki, maana yake "uhai". Wazo lenyewe ni la zamani kuliko matumizi haya ya neno. Mwanzoni mwa karne ya 20, Élie Metchnikoff, mtafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alidai kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka wanasaidia kurefusha maisha. Mwaka 1965 watafiti Lilly na Stillwell walitumia neno "probiotiki" kwa vitu vinavyotolewa na kijiumbe kimoja na kukichochea kingine kikue. Wakati huo, basi, neno halikuwa bado na maana ya leo.

Maana ya leo iliwekwa mwaka 2001 katika mkutano wa wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani uliofanyika Córdoba, Argentina. Kwa ufupi, probiotiki ni vijiumbe hai ambavyo, mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha, vinamletea faida ya kiafya. Hapo kuna masharti matatu, na yote ni ya lazima. Viwe hai. Viwe kwa kiasi cha kutosha. Faida yake iwe imethibitishwa. Tukiondoa sharti moja tu, kitu kinachobaki kinaweza kuwa kizuri, lakini si probiotiki. Tutayatumia masharti hayo matatu hadi mwisho wa makala.

Ngozi ina wakazi wake

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hukaribia mita 2 za mraba, na juu yake wanaishi bakteria, kuvu na virusi kwa wingi mkubwa. Hawako sawa kila mahali. Mwaka 2009 Elizabeth Grice, Julia Segre na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 10 wenye afya njema, wakichukua sampuli katika sehemu 20 za mwili wa kila mmoja. Waliona kwamba hali ya sehemu yenyewe, yaani mafuta, unyevu au ukavu wake, ina nguvu kubwa katika kuamua ni nani anayeishi pale. Kwenye paji la uso na mgongoni, penye mafuta mengi, hutawala bakteria wanaoyapenda mafuta hayo, hasa Cutibacterium acnes. Kwapani na kwenye mikunjo yenye jasho hupatikana zaidi Corynebacterium na Staphylococcus. Mkononi, kati ya kiwiko na kiganja, pakavu, mchanganyiko ni mpana zaidi.

Wakazi hao wanafanya kazi. Kwanza, wanashika nafasi na kula chakula kilichopo, kwa hiyo mgeni mwenye kuleta maradhi anakuta mahali pamejaa. Pili, baadhi yao, kama Staphylococcus epidermidis, hutengeneza viini vinavyowazuia au kuwaua bakteria wengine. Tatu, wanavunja mafuta ya ngozi na kuyageuza kuwa asidi nyepesi. Asidi hiyo ni sababu mojawapo ya ngozi yenye afya kuwa na pH inayokaribia 5, hali isiyowafaa bakteria wengi wa maradhi. Nne, wanaizoesha kinga ya mwili kutofautisha mwenyeji na adui.

Mambo yanapoharibika, mpangilio huu hubadilika. Mfano unaojulikana sana ni ukurutu, yaani ngozi kavu inayowasha na kupasuka, hasa kwa watoto. Kwenye ngozi ya ukurutu bakteria mmoja, Staphylococcus aureus, mara nyingi huongezeka kupita kiasi na kuuzidisha uvimbe. Chunusi zinatufundisha jambo jingine. Kwa miaka mingi C. acnes alihesabiwa kuwa ndiye adui, lakini yeye huyo anaishi pia kwenye nyuso zisizo na chunusi hata moja. Nasaba zake hazifanani: baadhi zinahusishwa na chunusi, nyingine na ngozi safi. Kwa hiyo kuua kila kilichopo si sawa na kuponya.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la probiotiki ya kupaka. Badala ya kuua tu, tuwarudishe au tuwaongeze wale wanaoilinda ngozi.

Vitu vinne chini ya jina moja

Tukifungua makopo yanayotangazwa kwa jina la probiotiki, tunakuta vitu vya aina nne.

Aina ya kwanza ni bakteria hai. Hii ndiyo probiotiki kwa maana kamili, na ndiyo adimu kuliko zote. Kwa kawaida huhitaji kuwekwa kwenye baridi, au huuzwa ikiwa unga mkavu unaochanganywa na kimiminika wakati wa kupaka.

Aina ya pili ni bakteria waliouawa na kuvunjwavunjwa, kwa joto, kwa mawimbi ya sauti au kwa njia nyingine. Mabaki hayo huitwa lisati. Kwenye orodha ya viambato huandikwa, kwa mfano, "Bifida Ferment Lysate".

Aina ya tatu ni mazao ya mchachuko. Bakteria wamekuzwa ndani ya kimiminika na kuacha humo asidi, protini na vitu vingine, kisha kimiminika hicho kikatiwa kwenye krema. Mara nyingi utasoma "Lactobacillus Ferment" au neno linalokaribiana na hilo.

Aina ya nne si bakteria kabisa. Ni chakula chao: sukari maalumu kama inulini, zinazowekwa ili bakteria waliopo tayari kwenye ngozi wazile. Hizi huitwa prebiotiki.

Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa fani hii ilipendekeza neno "postbiotiki" kwa maandalizi ya vijiumbe visivyo hai, au sehemu zake, yanayoleta faida ya kiafya. Lisati inaingia vizuri chini ya jina hilo. Hata hivyo sokoni bado inaitwa probiotiki, kwa sababu ndilo neno ambalo mnunuzi ameshalisikia.

Kwa nini bakteria hai ni adimu koponi

Sababu ni rahisi. Krema ina maji, mafuta na mara nyingine sukari, na hicho ni chakula kizuri cha ukungu na bakteria wa kila aina. Ikiachwa bila ulinzi, hasa mahali pa joto, itaharibika upesi. Kwa hiyo watengenezaji hutia vihifadhi, kama vile fenoksiethanoli. Kihifadhi hakichagui. Kinachoua ukungu kinamwua pia, au kumdhoofisha, bakteria aliyewekwa kwa makusudi.

Tena kuna kanuni za usafi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516, cha mwaka 2014, kinataka kipodozi cha kawaida kisizidi vijiumbe hai 1000 katika gramu moja. Kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka 3 na za kupaka karibu na macho, visizidi 100. Lakini probiotiki huhesabiwa kwa mamilioni. Kanuni iliyowekwa ili kumlinda mnunuzi dhidi ya krema chafu haikutengenezwa kwa ajili ya krema yenye bakteria wanaotakiwa.

Kwa hiyo msomaji anaweza kujiamulia mwenyewe bila maabara. Kopo la krema yenye maji, lenye kihifadhi ndani, lililokaa juani kwenye meza ya soko, halitegemewi kuwa na bakteria hai. Linaweza kuwa na lisati, na lisati inaweza kuwa na faida yake, lakini sharti la kwanza la neno "probiotiki" halikutimia.

Utafiti unasema nini

Tuanze na bakteria wasio hai, kwa kuwa ndio wanaouzwa zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya krema yenye Streptococcus thermophilus waliovunjwa kwa mawimbi ya sauti. Huyu ni mmoja wa bakteria wanaogeuza maziwa kuwa yaoti. Wagonjwa wa ukurutu waliipaka kwa wiki 2. Seramidi, yaani mafuta yanayozishikanisha seli za tabaka la juu la ngozi kama udongo kati ya matofali, ziliongezeka, na dalili za ugonjwa zikapungua. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya waliripoti jaribio la watu 75 wenye ukurutu, waliopaka kwa siku 30 krema yenye asilimia 5 ya lisati ya Vitreoscilla filiformis, bakteria wa maji ya chemchemi za moto, au krema isiyo na lisati. Waliopata lisati walipata nafuu zaidi. Matokeo haya yanatia moyo, lakini ni majaribio madogo na ya muda mfupi. Isitoshe, yanahusu lisati za bakteria hao tu. Hayawezi kuhamishiwa kwenye kila krema yenye neno linalofanana.

Kuhusu bakteria hai, kazi inayotajwa sana ni ya timu ya Richard Gallo katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwaka 2017 walionyesha kwamba watu wasio na ukurutu wana kwenye ngozi yao bakteria wanaotengeneza viini vya kumwua S. aureus, na kwamba bakteria hao wamepungua kwa wagonjwa. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya jaribio la kwanza kwa watu wazima 54 wenye ukurutu, wakitumia nasaba moja ya Staphylococcus hominis iliyopewa jina A9. Waliipaka kwa siku 7. Ilionekana kuwa salama, na S. aureus alipungua. Lakini kwa wagonjwa wote kwa jumla, ukali wa ugonjwa haukutofautiana kwa uhakika na wa wale waliopaka krema tupu. Wale ambao S. aureus wao aliweza kuuawa na nasaba A9 ndio walioonyesha dalili ya nafuu.

Hadithi ya Roseomonas mucosa ina fundisho zaidi. Watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mizio na maradhi ya kuambukiza, wakiongozwa na Ian Myles, walichukua bakteria huyu kutoka kwenye ngozi ya watu wenye afya na kumnyunyizia wagonjwa wa ukurutu. Mwaka 2018 na 2020 waliripoti nafuu kubwa, hata kwa watoto. Lakini majaribio yale ya mwanzo hayakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa dawa tupu. Kampuni moja ilipojaribu bidhaa ya namna hiyo kwa watu wengi zaidi, safari hii ikilinganisha na dawa tupu, mwaka 2021 ilitangaza kwamba jaribio halikufikia lengo lake. Ukurutu hupanda na kushuka wenyewe, na mgonjwa anayeangaliwa kila wiki hujitunza zaidi. Bila kundi la kulinganisha, nafuu hiyo yote huandikwa kwa jina la bakteria.

Kwa ufupi: wazo lina msingi, baadhi ya lisati zimeonyesha msaada wa kiasi kwa ngozi kavu na ukurutu, na bakteria hai wa kupaka bado wako kwenye hatua ya majaribio. Hakuna kati ya hayo kinachochukua nafasi ya matibabu ya daktari.

Je, tupake mashanza?

Swali hili haliwezi kukwepwa hapa Kivu. Tuna maziwa ya mgando, tunayoyaita mashanza, na yana bakteria wa asidi ya laktiki walio hai. Ni bei nafuu kuliko krema yoyote. Kwa nini basi tusiyapake usoni?

Anayeyapaka husema ngozi imekuwa laini, na hasemi uongo. Asidi ya laktiki hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi, na mafuta ya maziwa huzuia ukavu. Lakini ulaini huo haumaanishi kwamba bakteria wa maziwa wamehamia usoni. Wao wamezoea sukari ya maziwa. Ngozi ina mafuta, chumvi na ukavu, na tukinawa wengi wanakwenda na maji. Pia hatujui ni nasaba gani zimo kwenye kikombe hicho wala ni wangapi. Ikiwa maziwa hayakuchemshwa, yanaweza kubeba vijiumbe vya maradhi. Kwa ngozi nzima isiyo na kidonda, hatari si kubwa. Kwa ngozi iliyopasuka, iliyoungua, yenye ukurutu, au ya mtoto mchanga, tusipake. Mashanza yabaki mezani.

Kuwasaidia wakazi waliopo

Kabla ya kununua bakteria wapya, inafaa kuacha kuwafukuza walio wetu. Kuna mambo matano yasiyohitaji pesa nyingi.

La kwanza ni sabuni. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, mbali na 5 ya ngozi. Mikono inawe kwa sabuni kila inapobidi. Jimbo lililopitia kipindupindu na Ebola halina ubishi juu ya hilo. Lakini miguu, mapaja na mgongo havihitaji kusuguliwa kwa sabuni kali mara mbili kwa siku. Povu lielekezwe kwapani, kinenani na nyayoni.

La pili ni mafuta. Ngozi ikipakwa mafuta yasiyo na manukato mara baada ya kuoga, ingali na unyevu, hukauka na kupasuka kidogo zaidi.

La tatu, na zito kuliko yote, ni krema za kujichubua. Nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, hidrokinoni, na nyingine zebaki. Steroidi ikitumiwa kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huipasua michirizi na kuidhoofisha kinga yake, hata kuvu na chunusi zikaenea. Ni kazi bure kupaka krema ya "bakteria wazuri" asubuhi na klobetasoli jioni. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiikatishe ghafla peke yake. Amwone daktari, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka.

La nne ni antibiotiki za kupaka. Zitumiwe kwa agizo la daktari tu, kwa siku alizosema, maana zinawaondoa walinzi pamoja na adui na kuwazoesha waliobaki kustahimili dawa.

La tano ni kusoma kopo. Anayetaka kununua atafute vitu vinne: jina kamili la bakteria pamoja na nasaba yake, kama hai au si hai, idadi yao, na namna ya kuwahifadhi. Nasaba ni muhimu kama lahaja ilivyo muhimu kwetu. Kusema "Lactobacillus" tu ni kama kusema "lugha ya Kibantu" na kunyamaza hapo. Kama kopo linadai bakteria hai wa kuwekwa kwenye baridi, mnunuzi afikirie pia safari lililopita na umeme unaokatika nyumbani. Akishanunua, ajaribu kidogo ndani ya mkono kwa siku kadhaa kabla ya kupaka usoni. Wenye vidonda au kinga dhaifu wasitumie bidhaa ya bakteria hai bila ushauri wa daktari.

Hitimisho

Katika mazungumzo yetu ya kila siku bakteria wote ni "wadudu", na mdudu ni wa kuuawa. Neno hilo limetusaidia kufundisha usafi, lakini linafanya iwe vigumu kumweleza mama mwenye mtoto wa ukurutu kwamba kusugua zaidi hakutamponya mtoto. Neno "probiotiki" limeleta hatari ya upande wa pili: kila kilichoandikwa hivyo kinadhaniwa kuwa hai na chenye faida.

Sisi tunaosoma lugha, ambao kesho tutafasiri maandishi ya dawa, kutangaza redioni na kufundisha shuleni, tunaweza kuanza na jambo dogo. Tuseme "vijiumbe" tunapotaja wote, na "vijiumbe vya maradhi" tunapotaja wanaoleta ugonjwa. Tuliweke neno "probiotiki" kwa walio hai, wa kutosha na waliothibitishwa. Waliovunjwa tuwaite lisati. Sukari zao tuziite chakula cha bakteria, neno ambalo hata bibi sokoni atalielewa bila kufafanuliwa. Na rafiki akituletea kopo akiuliza kama linafaa, tumwulize kwanza: ndani wamo hai, au ni jina tu?